Kebo za mtandao za bei poa: nilizozibakiza na nilizozing'oa

Kamera yangu ya getini ilikuwa inazimika kila jioni. Mchana kutwa inaonyesha vizuri, hata paka akiruka ukuta namwona. Giza likiingia, picha inageuka nyeusi na nyeupe, inaganda, inapotea. Baada ya dakika moja au mbili inarudi, inaganda tena, inapotea tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Nilibadilisha adapta. Nikabadilisha kamera yenyewe nikidhani imeingia maji. Wiki tatu zilipita kabla sijaishuku kebo, kwa sababu kebo ilikuwa mpya na mchana ilikuwa inafanya kazi.

Tangu hapo ndugu na majirani wananiuliza swali moja: je, kebo za mtandao za bei poa zinafaa kwa nyumbani, au ni kutupa pesa? Kwa karibu miaka miwili nimetumia aina nne chini ya paa moja, nimezipima, nyingine nimezikata na kuzichungulia ndani. Nyingi zinafaa, tena zinafaa kuliko watu wanavyodhani. Ipo aina moja ambayo siitaki tena hata nikipewa bure, na tatizo lake ni kwamba dukani inafanana na zile nzuri kama pacha.

Nianze na hiyo mbaya, maana ndiyo iliyonigharimu.

Nilipoamua kupitisha kebo nyumba nzima nilinunua boksi la mita 305, ambalo ndilo boksi la kawaida la kebo hizi. Ganda lake limeandikwa CAT6, yaani daraja la sita la kebo za mtandao, kwa herufi kubwa, rangi ya buluu safi, bei karibu nusu ya lile lililokuwa pembeni yake. Mdogo wangu ndiye aliyelibeba hadi ndani. Alilitua sakafuni akasema, "Dada, mbona jepesi hivi?" Nikamjibu afadhali, hatutaumia mgongo. Lile swali lake lilikuwa ndilo kipimo chenyewe, na sikulielewa.

Hesabu yake ni hii. Kebo ya kawaida ina nyaya nane, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Waya mmoja wa Cat5e (daraja lililo chini ya Cat6) ukiwa wa unene wa AWG 24 (kipimo cha unene wa waya, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba) ni takriban nusu milimita kwa kipenyo. Zidisha kwa nyaya nane na mita 305, utapata shaba ya takriban kilo nne na nusu, kabla hujahesabu plastiki yoyote. Shaba ni ghali na ni nzito. Ujazo huo huo wa alumini hauzidi theluthi moja ya uzito huo. Kwa hiyo boksi likiwa jepesi namna ile, kilichopungua ni shaba. Hakuna kingine ndani ya kebo chenye uzito wa maana.

Sasa turudi getini. Kamera yangu haitumii ile PoE rasmi (umeme unaopitishwa ndani ya kebo ya mtandao) yenye volti zaidi ya 40. Ilikuja na adapta ya volti 12 na viunganishi viwili vinavyopitisha umeme kwenye jozi ya buluu na jozi ya kahawia, kwa kuwa mawasiliano ya 100 Mbps (megabiti 100 kwa sekunde) yanatumia jozi mbili tu, na hizo mbili zinabaki wazi. Kutoka kwenye ruta hadi getini ni mita 40. Usiku kamera inawasha taa zake za infraredi, na hapo inakula umeme mwingi kuliko mchana.

Niliomba multimita kwa jirani. Mdogo wangu akasimama getini, akazifunga pamoja ncha mbili za nyaya, nami nikapima kutoka ndani. Mzunguko ule, yaani mita 80 za waya kwenda na kurudi, ulisoma ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, wa omu 16 na kitu. Kiwango cha kebo hizi kinataka waya mmoja usizidi omu 9.38 kwa mita 100. Kwa mita 80 hiyo ni omu saba na nusu. Kebo yangu mpya, yenye maandishi makubwa ya CAT6, ilikuwa na ukinzani zaidi ya mara mbili ya kikomo. Mchana volti zilikuwa zinafika getini zimepungua lakini kamera inavumilia. Usiku taa zinawaka, mkondo unapanda, volti zinaanguka, kamera inajizima. Ikishazimika mzigo unaondoka, volti zinapanda, kamera inawaka upya, taa zinawaka tena. Ndiyo ile zimika-waka niliyokuwa naiangalia kwenye simu kila usiku.

Nilikata kipande, nikamenya, nikaukwangua waya kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu. Chini ya ule wekundu ulikuwa mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba.

Waya wa aina hiyo upo kihalali na una kazi zake. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba kwa unene ule ule, na mahali penye nyaya nene hilo linafidiwa kwa kuongeza unene. Kwenye kebo ya mtandao hakuna nafasi ya kuongeza unene. Waliotengeneza yangu walifanya kinyume: waliweka alumini, kisha wakaipunguza na unene. Na viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba. Kebo ya alumini haistahili kabisa kuandikwa jina hilo kwenye ganda. Hapo ndipo ninapoudhika. Mtu anayenunua kebo mara moja katika miaka kumi hana namna ya kujua isipokuwa kwa kusoma ganda, na ganda linamdanganya.

Nilipoweka kebo ya shaba pale pale, kwa adapta ile ile na kamera ile ile, usiku volti getini zilibaki 10 na ushee. Haijazimika tena tangu siku hiyo. Kwa haki ya jambo lenyewe, ningekuwa na PoE rasmi huenda kebo mbaya ingejificha muda mrefu zaidi, kwa sababu volti zikiwa juu mkondo unakuwa mdogo, na upotevu njiani unapungua sana. Ila upotevu huo haupotei hewani, unageuka joto ndani ya kebo, na mimi sitaki joto la bure ndani ya dari yangu, hasa penye kebo kadhaa zilizofungwa pamoja.

Tatizo la pili la alumini lilijitokeza mezani kwangu, miezi minne baadaye. Nilikuwa nahamisha video kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye diski ya mtandao, kazi ambayo kwa kawaida namaliza kabla chai haijapoa. Siku hiyo iligoma kwisha. Nikapima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, ikasoma 94 Mbps. Namba hiyo ishike kichwani. Ukiona 94, au 93, au 95, na vifaa vyako vyote ni vya gigabiti, yaani 1000 Mbps, mtandao wako haujawa wa polepole hivi hivi tu. Umeshuka daraja hadi 100 Mbps. Gigabiti moja inahitaji jozi zote nne, kila jozi ikibeba 250 Mbps. Jozi moja ikikatika, vifaa vingi vinashuka kimya kimya hadi 100 Mbps, ambayo inatosheka na jozi mbili. Intaneti inaendelea kufunguka, video zinacheza, hakuna onyo lolote. Dalili pekee kwenye swichi yangu ya mtandao, kile kifaa kinachounganisha kebo zote, ni taa inayobadilika kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa.

Waya wa buluu ulikuwa umekatikia ndani kabisa, pale kebo inapoingia kwenye kichwa cha RJ45, kile kinachochomekwa kwenye kifaa. Nilikuwa nasogeza kompyuta kila siku kufagia chini ya meza. Alumini haipendi kukunjwa na kukunjuliwa. Shaba inavumilia, alumini inachoka na kukatika, na hata pasipo kukunjwa inalegea taratibu chini ya meno ya kiunganishi na kushika kutu nyeupe isiyopitisha umeme. Nilikrimpu kichwa kipya, yaani nilikibana kwa koleo lake, ikafanya kazi wiki mbili, ikakatika tena sentimita chache nyuma. Nikaing'oa.

Kwa watu wengi, tofauti ya 94 na 940 haionekani mpaka siku wanapohamisha kitu kizito. Faili la gigabaiti 40 kwenye gigabiti moja linachukua kama dakika sita. Kwenye 100 Mbps ni kama saa nzima. Kama huduma yako ya intaneti ni ya 50 Mbps na nyumbani hakuna kinachohama kati ya kifaa na kifaa, unaweza kuishi na kebo iliyoshuka daraja miaka mingi usijue.

Sasa nzuri. Boksi la pili nililonunua lilikuwa la Cat5e, shaba tupu, AWG 24, jina la mtengenezaji sikuwahi kulisikia kabla. Lilikuwa la bei ya chini kuliko boksi lolote la Cat6 halisi dukani, na aliyeniuzia alijaribu mara mbili kunipandisha. "Dada, Cat5e imepitwa na wakati, utajuta." Sijajuta. Mita 35 kutoka kwenye swichi hadi chumba cha juu zinasoma 940 Mbps kila ninapopima, asubuhi na usiku. Kiasi kinachobaki kufika 1000 si kosa la kebo, ni taarifa za anwani na mpangilio zinazosafiri na kila pakiti ya data. Nimeangalia hesabu ya makosa kwenye swichi baada ya wiki nzima ya kazi: sifuri.

Wala si ajabu. Gigabiti kupitia nyaya za shaba ilikuwa kiwango rasmi tangu 1999, na iliundwa ipite kwenye kebo za jamii hii hadi mita 100. Mwaka 2016 kikaja kiwango cha gigabiti 2.5 na 5, na sababu yake kubwa ilikuwa kuzitumia kebo ambazo tayari zimo ndani ya kuta za watu bila kubomoa. Gigabiti 2.5 inapita kwenye Cat5e kwa mita 100 zote. Nani nyumbani ana ukuta wa mita 100? Ukitaka gigabiti 10, hapo ndipo Cat6 halisi inapokuwa na maana, kwa umbali wa hadi mita 55 mazingira yakiwa mazuri, na Cat6A kwa mita 100 kamili. Mimi sina kifaa hata kimoja cha gigabiti 10. Kama unajenga sasa na kuta bado ziko wazi, weka Cat6 ya shaba kwa sababu kazi ya kupasua ukuta ni ghali kuliko kebo. Kama unavuta juu juu kwenye pembe za dari kama nilivyofanya mimi, Cat5e nzuri inatosha na ni laini zaidi kukunja kwenye kona.

Ya tatu ni ile bapa, nyembamba kama utepe, ya mita 10, inayopita chini ya mlango wa chumba cha mwanangu. Hii niliinunua nikiwa na mashaka. Nyaya zake ni nyembamba mno, na kwenye ubapa ule jozi haziwezi kusokotwa vizuri kama ndani ya kebo ya mviringo, wakati msokoto ndio unaozuia kelele za jozi moja zisiingie kwenye nyingine. Nimeipima mara tatu kwa miezi tofauti: gigabiti kamili. Mlango unafungwa bila kukwama. Kwa umbali huo imenishinda hoja, na nitanunua nyingine. Nisingeipeleka mita 30, na nisingepitisha umeme wa kamera humo, maana waya mwembamba ni ukinzani ule ule niliotoka kuukimbia, hata ukiwa wa shaba.

Ya nne niseme kwa ufupi. Kebo ya mita mbili iliyoandikwa Cat7, imesukwa nje kwa nailoni, vichwa vya chuma vinavyong'aa. Inafanya kazi. Inafanya kazi sawasawa na kipande cha Cat5e cha urefu huo, na bei yake ilikuwa mara nne. Cat7 ya kweli iliwekewa viunganishi vya aina yake, si RJ45 hii ya kawaida, kwa hiyo maandishi yale kwenye kebo ya namna hii hayakuhakikishii chochote. Cat8 ni ya gigabiti 25 na 40 kwa umbali wa mita 30, kazi ya vyumba vya seva. Sebuleni haina cha kufanya.

Kuna sehemu moja ambayo hata ile ya alumini nimeiacha ikae: nyuma ya televisheni. Kipande cha mita moja, hakisogezwi, hakipitishi umeme, na televisheni yenyewe, kama zilivyo nyingi, ina mlango wa 100 Mbps tu. Kwa mita moja ukinzani ule haudhuru kitu. Kwa hiyo anayeniambia kebo aliyopewa bure kwenye boksi la ruta ni mbovu, namuuliza kwanza inaenda umbali gani na inabeba nini.

Ukiwa dukani, fanya haya kabla hujatoa pesa. Inua boksi, kisha inua lingine la urefu ule ule. Mkono wako utajua. Soma ganda lote taratibu, si neno la kwanza tu: tafuta AWG 23 au 24 kwa kebo ya kupitisha ukutani, na ukiona herufi CCA, rudisha. Ndiyo alama ya alumini iliyopakwa shaba, na baadhi ya watengenezaji waaminifu wanaiandika, wengine wanaificha. Omba kipande cha mwisho wa kebo, menya waya mmoja, kwangua. Angalia usidanganywe na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe juu na nyekundu ndani. Hiyo ni salama. Inayotisha ni nyekundu juu na nyeupe ndani. Kunja waya ule huku na huku mara kadhaa. Wa alumini utakatika mapema, na ukishausikia jinsi unavyokatika vidoleni hutausahau.

Muuzaji akikataa kukukwangulia kipande cha sentimita tano, hilo nalo ni jibu.

Jambo la kukrimpu ni lazima niligusie, kwa sababu kebo nzuri inaweza kuharibiwa na mkono. Kichwa cha kwanza nilichokrimpu mwenyewe niliziweka jozi kwa mfululizo, chungwa na chungwa, kijani na kijani, buluu na buluu, kahawia na kahawia, pande zote mbili sawa. Testa ya taa nane iliwaka zote nane kwa mpangilio. Nikafurahi. Kasi ikawa inapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Tatizo ni kwamba pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, na mpangilio wangu uliipasua jozi hiyo. Testa ya taa inajua tu kwamba waya umefika, haijui umesokotwa na nani. Mpangilio wa T568B, ambao ndio ninaoutumia tangu siku hiyo, ni: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Nimeuandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa boksi la vifaa. Na usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya kichwa.

Ukiacha kile kipande cha nyuma ya televisheni, imebaki kebo moja ya alumini ndani ya nyumba, ile inayopita juu ya dari hadi kwenye printa. Printa haina haraka, 100 Mbps inaitosha, kwa hiyo nimekuwa nikiahirisha. Lakini mwezi ujao nataka kuhamishia meza ya kazi chumba kile, na mdogo wangu ameahidi kuja. Tutafunga uzi wa nailoni kwenye ncha ya kebo ya zamani, tuvute uzi kwanza, ndipo uzi uvute kebo ya shaba. Kuifunga kebo mpya moja kwa moja kwenye ile ya alumini siwezi. Itakatikia katikati ya dari, na hapo tutakuwa tumepoteza hata njia.